Kicheza video kinapima rezo, hakipimi mfuko

Mwezi wa Oktoba 2025, YouTube ilianza kuwapelekea watu sura mpya ya kicheza video chake, kwenye simu, kwenye kompyuta na kwenye televisheni. Vitufe vimekuwa vya mviringo, vinapitisha mwanga, na havifuniki tena picha kama zamani. Anayebonyeza alama ya kupenda kwenye wimbo anaweza kuona noti ndogo ya muziki ikirukaruka. Ni kazi safi, na macho yanaifurahia. Lakini kwa mtazamaji wa Goma, Bukavu, Bunia, Beni au Kalemie, swali la kwanza kuhusu toleo jipya haliko kwenye vitufe. Swali lake ni hili: linakula mega ngapi?

Swali hilo halikujibiwa safari hii, na si mara ya kwanza.

Kicheza video ni ile sehemu ya ukurasa inayoita picha na sauti kutoka kwenye intaneti, kuzifungua na kuzionyesha. Zamani ilikuwa lazima mtu aweke kwanza programu ya Flash kwenye kompyuta yake. Tarehe 27 Januari 2015, YouTube ilitangaza kwamba imeacha kuitegemea Flash na kwamba sasa inatumia HTML5, njia iliyo ndani ya kivinjari chenyewe. Flash nayo ilizikwa mwisho wa mwaka 2020. Mabadiliko hayo yalileta faida kubwa, kwa sababu simu ndogo iliweza kucheza video bila mzigo wa programu nyingine. Kuna pia jambo ambalo watu wengi hawalioni: kicheza video kinachokaa ndani ya ukurasa kinabadilishwa na mwenye ukurasa, siku na saa anayotaka yeye. Mwenye simu haulizwi. Analala na kifaa kimoja, anaamka na kingine.

Ndiyo maana inafaa raia ajue kifaa hicho kinavyofanya kazi. Video haiji yote kwa mara moja. Imekatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande kimehifadhiwa katika ubora mbalimbali, kuanzia 144p hadi 1080p na zaidi. Kabla ya kuita kipande kinachofuata, kicheza video kinapima kasi ya rezo. Rezo ikiwa dhaifu, kinaita kipande chepesi. Ikiwa na nguvu, kinapanda kwenye kizito. Aliyebuni mpango huo alitaka picha isikwame, na mara nyingi haikwami. Lakini kipimo chake kikuu ni kasi. Hakijui kama mtazamaji amelipa intaneti ya mwezi mzima bila kikomo, au kama amenunua forfe ya saa 24 kwa faranga zilizobaki baada ya kununua makala na unga.

Hesabu yake si ngumu. Video inayopita kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula mega 7.5 kwa dakika, yaani mega 450 kwa saa moja. Ikipanda hadi megabiti 2, inakula mega 15 kwa dakika, na mwenye mega 100 anabaki mikono mitupu kabla ya dakika ya saba. Video hiyohiyo ikishushwa hadi megabiti 0.4, inakula mega 3 kwa dakika, na mega 100 zinafikisha zaidi ya nusu saa. Picha ya 1080p ina pikseli mara 9 ya zile za 360p. Kwenye kioo cha simu ya bei ndogo, jicho halipati faida mara 9. Kinacholipa tofauti hiyo ni mfuko.

Matokeo yake yanashangaza: siku ambayo rezo ni nzuri ndiyo siku ambayo mega zinaisha haraka. Mtu anayetafuta habari usiku wakati rezo imetulia anafungua video ileile aliyoiona mchana, na anashangaa inite zimekwenda wapi. Anashuku shirika la simu limemuibia. Pengine hakuna aliyemuibia. Kicheza video kiliona barabara iko wazi, kikakanyaga mafuta, na bili ya mafuta ikabaki kwake.

Hakuna anayeweza kudai kwamba makampuni makubwa hayajui tatizo hili. Yalilijua na yalikuwa na dawa. Mwaka 2017, Google ilizindua nchini India programu iliyoitwa YouTube Go, na mwaka uliofuata ikaipeleka katika nchi zaidi ya 130. Kabla ya kucheza video, programu hiyo ilimuuliza mtazamaji anataka ubora gani, na ilimwonyesha kila ubora utakula mega ngapi. Ilikuwa kama mizani ya sokoni: mteja anaona kilo kabla hajatoa pesa. Mwezi wa Agosti 2022, YouTube Go ilifungwa. Miezi michache kabla, mwezi wa Machi mwaka huohuo, kivinjari cha Chrome kilizima kwenye simu za Android ile njia yake ya kupunguza uzito wa kurasa. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba bei ya intaneti ya simu imeshuka katika nchi nyingi. Katika nchi nyingi, sawa. Lakini neno «nyingi» halina maana ya «zote», na anayehesabu mega zake moja moja katika soko la Kadutu hakuwa katika hesabu hiyo.

Kuna kitu kingine kilichoondolewa ambacho Waswahili wangepaswa kukililia. Hadi tarehe 28 Septemba 2020, YouTube iliwaruhusu watazamaji wenyewe kuandika maandishi ya chini ya video za watu wengine, mwenye video akikubali. Kijana wa Uvira anayejua Kifaransa na Kiswahili angeweza kutafsiri somo la afya ili mama yake alisome. Kampuni ilisema watu wachache tu waliitumia njia hiyo, na kwamba wengine waliitumia vibaya. Ikaifunga, ingawa viziwi na wasemaji wa lugha ndogo walipiga kelele. Maandishi ya chini ni faili la maneno matupu. Uzito wake ni wa kilobaiti chache, mdogo kuliko sekunde chache za video. Hakuna kitu chepesi zaidi katika kicheza video chote, na hakuna kinachomsaidia zaidi mtu ambaye sauti ya simu yake imekufa au ambaye Kifaransa cha Kinshasa kinampita.

Wapo watakaosema kwamba kitu cha bure hakilalamikiwi, na kwamba anayetaka kuokoa mega anaweza kufungua mipangilio na kuchagua. Ni kweli kwamba njia ya kuokoa data ipo. Tangu Aprili 2021 iko katika menyu ya ubora kwenye simu. Ni kweli pia kwamba YouTube ina menyu za Kiswahili. Lakini uzoefu wa kila mtu unaonyesha kwamba kile kilichowekwa tangu mwanzo ndicho kinachobaki. Watu wachache tu wanafungua menyu. Kwa hiyo anayeamua hali ya mwanzo ndiye anayeamua matumizi ya mamilioni ya watu, na hawezi kunawa mikono kwa kusema waliachiwa uhuru wa kuchagua.

Ushahidi uko karibu. Mwezi wa Machi 2020, korona ilipowafungia watu nyumbani, viongozi wa Umoja wa Ulaya waliogopa kwamba rezo zao zitazidiwa. Waliyaomba makampuni ya video yapunguze uzito. Katika muda wa siku chache, YouTube ilishusha ubora wa mwanzo huko Ulaya, na tarehe 24 Machi ikatangaza kufanya hivyo duniani kote kwa mwezi mmoja. Hakukuwa na miujiza wala miaka ya utafiti. Walibadilisha hali ya mwanzo, na aliyetaka picha nzito aliweza kuichagua mwenyewe. Kinachowezekana kwa ajili ya rezo ya Brussels kinawezekana pia kwa ajili ya mfuko wa Butembo.

Jambo hili si la starehe tu. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye, tarehe 27, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini aliamuru wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma wahame mara moja. Watu walikimbia kuelekea Sake, Rwanda na kwingineko, simu mkononi, wakitafuta kujua mtaa gani umo na mtaa gani haumo. Saa kama hiyo, video ya kiongozi anayesoma tangazo inaweza kuokoa maisha, na video inayoanza yenyewe pembeni mwa ukurasa inaweza kummalizia mtu mega kabla hajasikia jina la mtaa wake. Mashariki mwa nchi, ambapo vita, maradhi na moto wa mlima vinafuatana, mega za mwisho ni kama maji ya mwisho ndani ya bidoni. Hazimwagwi hovyo.

Haki inadai kusema pia yaliyo mema. Baadhi ya mambo mapya yanasaidia kweli. Muundo wa AV1, uliokamilishwa mwaka 2018 na muungano wa makampuni yakiwemo Google, Mozilla na Netflix, unabana video kuliko miundo iliyotangulia, na picha haiharibiki. Lakini hata hapo kuna bei iliyofichwa. Simu isiyo na kifaa cha ndani cha kufungua AV1 inalazimika kuutumia ubongo wake wote, inapata moto, na betri inashuka. Pahali ambapo umeme unakatika kila siku na kuchaji simu kunalipiwa kibandani, kuokoa mega kwa kupoteza betri ni kutoa huku na kuweka kule. Toleo jipya linalojali lingeangalia vyote viwili.

Vivinjari navyo vilitoa somo. Tangu Aprili 2018, Chrome inazuia video zinazoanza zenyewe kwa sauti. Ila zisizo na sauti zinaruhusiwa, na zinakula mega zilezile. Sikio lilipata ulinzi, mfuko haukupata.

Hata hivyo, lawama zote zisitupwe ng'ambo ya bahari. Kurasa za habari za Congo zenyewe zinaweka video zinazoanza kucheza bila kuombwa, na picha za matangazo zinazosokotana. Hapo hakuna wa kusingizia California. Fundi wa tovuti anaweza kuandika maneno mawili tu ili video isipakuliwe hadi msomaji abonyeze, na aondoe neno moja ili isianze yenyewe. Anaweza kuweka ubora wa 360p uwe wa mwanzo. Anaweza kuandika chini ya kila video muda wake na uzito wake: dakika 3, mega 9. Mwandishi anaweza kuweka chini yake mistari mitano yenye habari kuu kwa Kiswahili, ili asiye na mega asiondoke mtupu. Hayo yote hayahitaji mfadhili wala semina ya hoteli. Yanahitaji heshima kwa msomaji.

Mashirika ya simu nayo yana sehemu yao. Yanajua mteja ametumia mega ngapi, na yanaweza kumwambia kwa lugha anayoielewa kabla hazijaisha, badala ya kumtumia ujumbe wa kununua forfe nyingine zikishakwisha. ARPTC, inayosimamia sekta hiyo, ingefanya vema kulidai hilo waziwazi, kama inavyosimamia bei.

Wakati wakubwa wanajadiliana, mtazamaji ana mambo matatu mkononi mwake: kuchagua njia ya kuokoa data katika menyu ya ubora, kuzima kitufe kinacholeta video inayofuata yenyewe, na kuwasha kiokoa data katika mipangilio ya simu. Vijana wanaojua mambo haya wawafanyie wazazi wao leo jioni. Ni kazi ya dakika tano.

Lakini raia asifundishwe kujilinda dhidi ya kifaa ambacho kingeweza kumlinda. Dai lenyewe ni dogo: kabla ya video kuanza, kicheza video kionyeshe idadi ya mega itakayokula, kama YouTube Go ilivyofanya. Mama anayeuza sambaza sokoni hampi mteja samaki kwanza halafu akamtajia bei nyumbani. Wenye kutengeneza vicheza video, wa California na wa Goma pia, wanaweza kujifunza kwake.