Mali bila daftari, hata kwenye wingu

Na Rehema Kisanga

Usiku wa kuamkia Machi 10, 2021, jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto. Hakuna aliyeumia. Asubuhi yake mwanzilishi wa kampuni hiyo, Octave Klaba, aliwashauri wateja waanze kutekeleza mipango yao ya dharura. Wapo ambao hawakuwa na mpango wowote. Facepunch, watengenezaji wa mchezo wa kompyuta uitwao Rust, walitangaza kuwa data za seva zao 25 za Ulaya zimeungua na hazitarudi. Wengine walikuwa wakilipia nakala za akiba, kumbe nazo zilihifadhiwa palepale palipoungua.

Naukumbusha mkasa huu kwa sababu wafanyabiashara wetu wengi sasa wanahamishia hesabu, stoo na majina ya wateja kwenye huduma za wingu. Wana sababu nzuri. Kompyuta ya ofisini huibiwa, huingiwa na virusi, huunguzwa na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu. Mwenye duka Kariakoo aliyefungua tawi Mwanza anaona mauzo ya huko bila kupanda basi. Sipingi kuhama. Ninachopinga ni imani kwamba ukishahama, kulinda data kumekuwa kazi ya mtu mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari likiwa kwenye seva ya ugenini bado ni lako.

Mikataba yenyewe inasema hivyo. Amazon, Microsoft na Google wanatamka wazi kwamba wao wanalinda majengo na mitambo; data yako, na nani ana ruhusa ya kuifikia, ni juu yako. Mhudumu akifuta orodha ya madeni kwa bahati mbaya, mfumo unamtii.

Na wenye mitambo nao hukosea. Mei 2024, UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulikuta mfumo wake uliokuwa Google Cloud umefutwa. Wakati wa kuuandaa, upande wa Google uliacha sehemu moja ya mipangilio bila kujazwa. Mfumo ukajiwekea ukomo wa mwaka mmoja, na mwaka ulipotimia ukajifuta. Nakala zilizokuwa nje ya mfumo huo, zikiwemo zilizowekwa kwa kampuni nyingine, ndizo zilizowaokoa.

Mwezi huohuo, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na Uganda. Data ziko salama huko ziliko, lakini ukizihitaji huzifikii. Muuzaji ambaye programu yake haifunguki hajui bei wala stoo ina nini, na mteja anaondoka. Kwa hiyo kabla ya kulipia programu ya mauzo, zima intaneti mbele ya anayekuuzia. Uza bidhaa mbili, kisha washa tena uone kama mauzo hayo yameingia kwenye hesabu.

Mtego mwingine tunautega wenyewe. Akaunti kuu inafunguliwa na kijana wa IT kwa barua pepe yake binafsi, na namba za uthibitisho zinaingia kwenye simu yake. Siku akiacha kazi kwa ugomvi, kampuni imefungiwa nje ya data yake yenyewe. Mwaka 2014 mdukuzi aliingia kwenye akaunti ya Amazon ya kampuni iitwayo Code Spaces, akafuta data pamoja na sehemu kubwa ya nakala, kwa kuwa vyote vilifikika kwa akaunti hiyohiyo. Kampuni ilifunga. Akaunti iwe ya kampuni, iwe na wasimamizi wawili, na nakala zikae mahali ambapo nywila hiyo haifiki.

Sheria nayo haikuachi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Taarifa za mteja zikivuja, huwezi kumtupia mwenye seva lawama zote wakati wewe ndiye uliyezichukua.

Basi usizime mfumo wa zamani kwa sababu tu fundi amesema kazi imekwisha. Mwambie alete kompyuta isiyo na kitu, arudishe hesabu za mwezi uliopita kutoka kwenye nakala ya akiba, na mhasibu alinganishe jumla zake na zile za vitabu. Zikitofautiana hata kwa shilingi, hamjahama bado. Zoezi hilo lirudiwe kila robo mwaka, na mwenye biashara awepo mwenyewe, kwa sababu hasara ikitokea haitakuwa ya fundi.