Gesi Ilitoka, Sasa Tudai Ada ya Mtihani

Vijana wenzangu, mwaka 2013 nilikuwa kidato cha pili na Mtwara nzima ilikuwa inasema "gesi haitoki". Mwaka 2015 bomba likazinduliwa, na gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982 hapa hapa kwetu Msimbati, ikaenda zake Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Sisi tukaambiwa tusubiri ajira.

Niwape yangu. Nina stashahada ya TEHAMA. Miaka miwili iliyopita niliomba kazi ya fundi wa mtandao kwa mkandarasi mmoja, simtaji. Tukabaki wawili. Mwenzangu alitoka mkoa mwingine, hana stashahada, ila ana CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco. Tukapewa ruta, swichi mbili na karatasi: gawa anwani za IP kwa ofisi tatu, kisha ofisi ya tatu isiweze kuingia kwenye kompyuta za uhasibu. Jamaa akamaliza kwa dakika arobaini. Mimi nilikuwa bado nahangaika kuingia kwenye ruta. Chuoni ruta tulichorewa ubaoni.

Nikarudi nyumbani, nikatangaza kijiweni kwamba wageni wamebebana. Wazee wakanipa pole. Leo naomba radhi: siku ile sikuonewa.

Upendeleo upo, tusidanganyane. Lakini upendeleo unajificha nyuma ya neno moja: "hawana sifa". Cheti cha aina hii kinaondoa kisingizio hicho. Anayesahihisha hakujui wewe ni mtoto wa nani. Hakiulizi shahada. Mwajiri anaweza kukihakiki mtandaoni. Na kinaisha muda baada ya miaka 3, kwa hiyo huwezi kulalia ulichosoma zamani. Wapo wanaokariri majibu ya kuibia na kufaulu, ila hao ruta itawaumbua kama ilivyoniumbua mimi.

Kusoma kunawezekana. Cisco wana kozi za bure mtandaoni, na programu yao ya Packet Tracer inakuwezesha kufanya mazoezi kwenye kompyuta bila kuwa na ruta. Kikwazo ni mtihani: dola 300, yaani zaidi ya shilingi 700,000. Ukifeli, unalipa tena. Kijana wa Msimbati anayetegemea samaki, nazi na msimu wa korosho atazitoa wapi?

Watatuambia kuna mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ambayo 4 ni ya vijana. Sawa, lakini ile ni ya vikundi vya biashara. Mtihani unafanywa na mtu mmoja, na hauleti faida mwezi ujao ili urejeshe.

Dai letu ni hili. Kampuni za gesi zinalipa ushuru wa huduma kwa halmashauri. Sehemu yake ilipe ada za mitihani ya vijana wa kata zinazozunguka visima na mitambo. Kuwe na jaribio la wazi la mchujo, matokeo yabandikwe ofisi ya kata, na anayefaulu alipiwe, awe na kadi ya chama chochote au asiwe nayo kabisa. Vijana 20 kwa mwaka ni dola 6,000. Hela hiyo hainunui gari jipya hata moja la kiongozi.

Siku mtu akisema tena "hawana sifa", tumwekee vyeti 20 mezani. Akikataa hapo, tutakuwa na ushahidi, siyo maneno ya kijiweni kama yangu.

Mimi nafanya mazoezi kila jioni. Ada ya mtihani sijaipata bado. Kama uko Msimbati au Madimba na unataka kusoma, njoo tusome pamoja, hata kompyuta moja kwa watu wanne. Na diwani akiitisha mkutano, tuwahi viti vya mbele, swali ni moja tu: ushuru wa gesi umemsomesha nani?