Lualaba: Klima ya gari la zamani, gazi gani inaingia ndani?

Kolwezi na kwenye barabara ya Likasi, kufunga vioo vya gari si anasa. Malori ya migodi yanainua vumbi kali wakati wa kiangazi, na kufikia mwezi wa 10 joto linakuwa kubwa. Shofa ambaye klima yake imekufa anabaki na mawili: kuvuta vumbi ao kuiva ndani ya gari.

Magari mengi ya hapa ni ya mtumba. Yale yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1992 hadi 1995 yalitumia gazi ya R-12, inayoharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiwekea mwisho, na nchi zinazoendelea zilipaswa kuiacha kufikia 2010. Iliyochukua nafasi yake ni R-134a.

Kuhama kutoka moja kwenda nyingine si kujaza tu. Mafuta ya zamani ya kompresa hayachanganyiki na R-134a. Yakiachwa, kompresa inakauka na kukwama. Fundi anapaswa kutoa mafuta hayo, kubadilisha chujio la unyevu na raba za viungo, kuvuta hewa yote kwa pampu, kisha kutia gazi pungufu kidogo kuliko ile ya kwanza. Radieta ya klima iliyojaa vumbi isiposafishwa, kazi yote ni bure.

Hatari kubwa iko kwenye chupa. Kuna wanaotia gazi ya kupikia kwa sababu ni rahisi: inapoza kweli, lakini ikivuja ndani ya gari, cheche moja inatosha. Gazi bandia nayo inaua. Mwaka 2011, R-134a iliyochanganywa na kemikali nyingine ililipua mashine za makontena ya baridi huko Vietnam na Brazil, na wafanyakazi 3 walikufa.

Tatizo hili litaongezeka. Mwezi wa 10 mwaka 2016, pale Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza hata R-134a, kwa sababu inapasha dunia joto mara 1,430 hivi kuliko gazi ya kaboni. Kwa nchi nyingi zinazoendelea, hatua ya kwanza ilipangwa 2024. Ulaya, magari mapya yameiacha tangu 2017. Sisi tunaendelea kupokea magari yanayoitegemea. Bidhaa ikipungua, bei inapanda na wadanganyifu wanapata soko.

Ndiyo maana ukaguzi wa chupa pale Kasumbalesa, kazi ya OCC, una uzito kuliko inavyoonekana. Mafundi nao wanahitaji mafunzo na pampu, si maarifa ya kubahatisha. Na mwenye gari, kabla ya kulipa, aulize mambo mawili: ni gazi gani, na je, mafuta yamebadilishwa? Fundi asiyeweza kujibu, usimwachie gari.