Jiko la Mama Litarithiwa na Nani?



Mwezi huu tuzungumze juu ya mgahawa. Sina maana ya hoteli kubwa yenye vitambaa mezani, bali ule mgahawa wa mtaani ambao kila mmoja wetu anaufahamu: mabenchi mawili, sufuria ya wali, sufuria ya maharage, na mama anayejua nani analipa taslimu na nani ataandikwa kwenye daftari.

Pale Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, biashara hii huenda na pamba. Ununuzi wa pamba kwa kawaida huanza mwezi Mei. Hapo ndipo wakulima hushika fedha, malori huingia, wapakiaji hupata kibarua, na wote hao wanahitaji kula. Huwekewa ugali wa moto, mlenda, na samaki au dagaa wa Ziwa Victoria waliovuliwa upande wa Busega. Msimu ukiisha benchi hubaki tupu, na mama asiyeweka akiba hujikuta hana hata mtaji wa mchele. Binti anayekulia katika jiko la namna hiyo hujifunza mambo ambayo hayafundishwi darasani: kukadiria unga, kupatana bei na mwuza kuni, kumkatalia mkopo mtu mzima bila kumvunjia heshima. Hivyo ndivyo jiko linavyotoka kwa bibi kwenda kwa mama, na kwa mama kwenda kwa binti.

Tusisahau kwamba bibi zetu waliianza kazi hii wakati mgumu. Miaka ya 1980 mshahara wa baba haukutosha, na wanawake wengi mijini wakatoka na masufuria yao barabarani. Mteja alisogeza sahani akasema, “Mama, nitilie,” na jina la mama ntilie likazaliwa. Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na watu wengi wasiokuwa na ajira rasmi mijini wakasumbuliwa kama wazururaji. Baadaye jina likawa mama lishe, lenye heshima zaidi. Desemba 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, na mama lishe wakawamo. Mpishi aliyekuwa akifukuzwa akatambulika.

Lakini iko hatari nyingine ambayo haitoki kwa mgambo. Inatoka nyumbani, siku baba anapofariki. Matanga hayajaisha, shemeji anauliza funguo za kibanda. Kiwanja kina jina la marehemu, leseni ina jina la marehemu. Mama aliyepika pale miaka ishirini anaambiwa yeye alikuwa akimsaidia mumewe tu.

Msidhani natia chumvi. Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, inasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Atatunzwa na watoto wake. Mabinti nao wamewekwa daraja la mwisho, na hupata fungu dogo kuliko wavulana. Wajane wawili wa Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Bariadi, walitolewa na wakwe katika nyumba walizoishi na waume zao. Walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba mila hiyo inabagua, ila haikuifuta. Hawakukata tamaa. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliwapa haki na kuitaka Tanzania ibadili sheria hizo.

Basi, dada yangu, kabla ya msiba fanya haya.

Kwanza, angalia jina. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Mkinunua kiwanja cha mgahawa, hati iwe na majina yenu wawili. Kama mmepanga, mkataba wa pango na leseni ya halmashauri navyo vionyeshe jina lako. Jina la biashara lisajiliwe BRELA.

Pili, tunza daftari. Andika mtaji ulitoka wapi, nani alinunua meza, nani alilipa fundi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu talaka, si urithi, lakini linatufundisha kwamba jasho lina thamani, na jasho lililoandikwa ni rahisi zaidi kulithibitisha.

Tatu, zungumzeni juu ya wosia. Najua waume wengi huona kutaja wosia ni kuwatakia kifo. Chagua saa ya utulivu, umwambie ni kwa ajili ya watoto. Kwa kufuata sheria za mila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma hushuhudiwa na watu wawili, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma anahitaji mashahidi wanne. Mrithi asiwe shahidi.

Mwisho, walete jikoni watoto wote. Kijana naye asonge ugali na binti naye ashike hesabu, ili atakayebaki na jiko awe yule anayeliweza.

Usiku wa leo, sahani zikishaoshwa, itoe leseni kabatini ulisome jina lililoandikwa pale. Kama si lako, mna la kuzungumza.

Tukutane mwezi ujao.