Ijaribu Mota Kwanza

Huenda umekwisha kuona roboti ndogo iliyoundwa na wanafunzi kwa maboksi, vijiti na nyaya. Roboti hiyo huinua mkono na kugeuza kichwa kama mtu. Viungo vyake huendeshwa na mota ndogo iitwayo sevo. Sevo ipendwayo na wanafunzi wengi ina uzito wa gramu 9 tu, nayo huenea kiganjani. Hata hivyo, sevo huweza kuungua siku ile ile ya kwanza, kabla roboti haijafanya kazi yoyote. Kwa maoni yangu, mara nyingi kosa si la mota. Kosa ni la haraka ya fundi.

Tuseme wewe na wenzako watatu mmechanga fedha, mkanunua sevo moja. Mkaufunga mkono wa roboti kwa skrubu, mkaunganisha betri. Mkono ukashtuka, ukagonga kifua cha roboti, ukakwama. Mota ikawa inanguruma. Ninyi mkasimama kuitazama, kila mmoja akingoja iendelee. Punde si punde harufu ya kuungua ikatoka, na mota ikanyamaza. Ndipo mmoja wenu akasema, "Muuzaji ametudanganya!" Je, ni haki kumlaumu muuzaji?

Fikiri kidogo. Ndani ya sevo mna mota, magurudumu ya meno, na saketi inayopima mkono umefika wapi. Sevo ikiamriwa kusimama kwenye nyuzi 90, saketi huipa mota umeme mpaka mkono ufike hapo. Lakini mkono uliozuiwa na kifua hauwezi kufika kamwe. Sevo haina macho ya kukiona kifua hicho. Huendelea kusukuma, kama mtu anayesukuma gari lililokwama matopeni: gari haliendi, lakini jasho linamtoka.

Mota inapozunguka huzalisha umeme unaoupinga ule wa betri. Kwa hiyo mkondo hubaki mdogo. Mota iliyokwama haizalishi umeme huo. Mkondo huongezeka sana, na joto huongezeka zaidi: mkondo ukiwa mara 2, joto huwa mara 4. Jambo hili lilielezwa katika miaka ya 1840 na James Prescott Joule, mwanasayansi wa Uingereza. Joto hilo huunguza vanishi iliyopakwa juu ya nyaya nyembamba za shaba ndani ya mota. Nyaya zikigusana, mota imekufa.

Basi nakushauri ufanye hivi:

1. Soma maelezo ya mota yako ujue inahitaji volti ngapi. Sevo nyingi ndogo huhitaji volti 4.8 hadi 6. Usiiunge kwenye betri ya volti 9.

2. Ijaribu mota ikiwa peke yake mezani, kabla ya kufunga mkono. Hakikisha waya mwekundu umeungwa kwenye ncha chanya ya betri.

3. Iamuru isimame katikati, yaani kwenye nyuzi 90. Kisha ufunge mkono ukiwa katikati ya mwendo wake.

4. Uendeshe mkono kidogo kidogo: nyuzi 10 kila upande, kisha 20. Tazama mahali unapokaribia kugota, na uweke kikomo cha programu yako kabla ya mahali hapo.

5. Ukisikia mota ikinguruma bila kuzunguka, au ukiona imekuwa ya moto, kata umeme mara moja. Tafuta sababu baadaye.

Wako watakaosema, "Sevo ni rahisi, ikiungua tutanunua nyingine." Mimi sikubaliani nao. Ikiwa kifua kingali kinauzuia mkono, sevo ya pili itaungua kama ya kwanza, na ya tatu vivyo hivyo. Tena, fedha ya wenzako si ya kuchezea. Wengine watasema, "Huenda mota ilikuwa mbovu tangu dukani." Yawezekana. Lakini aliyeijaribu mezani ataujua ubovu huo mapema, naye anaweza kuirudisha dukani akiwa na hoja. Asiyeijaribu hana la kusema.

Jaribio hili huchukua dakika chache tu. Anayeziona dakika hizo kuwa nyingi atapoteza mota, fedha, na pengine urafiki. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Fundi wa roboti naye ausikie usemi huo.

Maswali

1. Kwa nini mota iliyokwama hupata joto kuliko inayozunguka?

2. Mkondo ukiwa mara 3, joto litakuwa mara ngapi?

3. Je, wakubaliana na mwandishi kwamba muuzaji hana kosa? Toa sababu zako.