Kasi ya Mtandao Isiishie Sebuleni

Ndugu msomaji,

Ziko kaya nyingi siku hizi ambazo nyumba kubwa ina mtandao wa kutosha, ilhali nyumba ndogo ya uani, au ile ya wazee iliyo upande wa pili wa shamba, haipati kitu. Mtoto wa sekondari hulazimika kutoka usiku na kuketi barazani pa nyumba kubwa, simu mkononi, akitafuta somo lake gizani. Baba naye, kwa nia njema, hununua kifurushi kikubwa zaidi. Mwezi unaofuata hali ni ile ile: fedha imekwenda, na mtoto bado yuko nje.

Kabla hujaongeza hata senti moja, pima. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, uitazame kasi. Kisha pima tena kule mbali bila waya. Ikiwa penye ruta unapata megabiti 20 kwa sekunde na uani unapata 1, basi kampuni imekwisha kutimiza wajibu wake. Kasi inapotelea ndani ya boma lako. Kununua kifurushi kikubwa hapo ni kumimina maji zaidi katika ndoo iliyotoboka.

Yafaa basi tuzijue tabia za mawimbi haya. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu yake hubaki robo. Zege lenye nondo huyadhoofisha, bati huyarudisha, majani mabichi ya mwembe huyanywa. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vyema kuliko yale ya gigahezi 5, lakini husongamana kwa kuwa majirani wengi wamo humo humo.

Hatua ya kwanza haina gharama. Itoe ruta nyuma ya televisheni, uiweke juu, karibu na dirisha linaloelekea uani. Katika gigahezi 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache.

Hatua ya pili ni waya. Ikiwa njia yake haizidi meta 100, ambazo ndizo mpaka wa kawaida wa waya wa shaba wa mtandao, upitishe ndani ya bomba la plastiki ardhini, na kule mwisho uweke kituo cha pili cha kurushia mawimbi. Muulize fundi juu ya kinga ya radi. Usikimbilie vile vikuza mawimbi vya bei rahisi: kinachopokea na kurusha kwa redio moja hupoteza takriban nusu ya kasi.

Umbali ukizidi hapo, dawa ni antena mbili za mwelekeo mmoja, kila moja juu ya paa lake, zikitazamana. Kutazamana huko hakutoshi kuwa kwa tundu dogo kati ya matawi. Katika umbali wa meta 300, mawimbi ya gigahezi 2.4 huhitaji nafasi ya takriban meta 3 kuuzunguka mstari wao pale katikati, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo lazima iwe wazi. Ndiyo maana mlingoti mrefu hufaa kuliko mtambo wa bei kubwa. Mwaka 2007, huko Venezuela, wataalamu waliunganisha vilele viwili vya milima vilivyoachana kilometa 382 kwa waifai. Walichokuwa nacho ni antena nzuri, programu iliyorekebishwa kwa masafa marefu, na anga tupu kati yao.

Wapo watakaokushauri uongeze nguvu ya ruta kupita kiasi. Wakatalie. Nguvu hizo zina mipaka ya kisheria. Tena mawasiliano ni mazungumzo ya wawili. Ruta ikipiga kelele na simu ikijibu kwa mnong'ono, hakuna kitakachosikika.

Ndugu msomaji, jambo hili ni la kaya nzima wala si la mwenye kulipa peke yake. Ketini pamoja, mchore boma lenu katika karatasi, mwonyeshe miti, kuta na mapaa, kisha mwamue mtandao upite wapi. Aliye mbali na ruta asihesabiwe kuwa mbali na haki yake ya kusoma, wala asiifuate haki hiyo nje, usiku, peke yake.

Hadi Jumapili ijayo.