Meatu Iwekewe Vipima Mitetemo Kabla ya Kisima

Kila anayekuja Simiyu kuzungumzia mafuta na gesi ya Eyasi-Wembere huja na neno moja mdomoni: fursa. Ajira, ushuru wa huduma, barabara, vibarua kwa vijana. Hakuna anayeikataa fursa katika mkoa ambao bei ya pamba ikishuka, maduka ya Bariadi hukosa wateja na watoto hurudishwa nyumbani kwa michango. Lakini lipo neno jingine ambalo mkulima wa wilaya yetu ya Meatu ana haki ya kulisikia kabla hajapiga makofi, nalo ni tetemeko. Haki hiyo naidai sasa, wakati bado tuko kwenye utafiti. Wakishaanza kuvuna, tutakuwa tumechelewa.

Tuanze na bonde lenyewe la Eyasi-Wembere. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, lilianza kwa kupima uvutano wa ardhi kwa ndege, likachoronga visima vifupi, kisha likaingia kwenye utafiti wa mitetemo ya kutengenezwa inayopigwa chini na kusikilizwa mwangwi wake. Linatafuta mashapo, matabaka manene ya mchanga na tope yaliyojikusanya kwa mamilioni ya miaka. Kwa nini yalijikusanya kule na si hapa Bariadi? Kwa sababu Bariadi imekaa juu ya mwamba mkongwe wa matale ambao haukuzama. Eyasi ilizama. Ardhi ilikatika, upande mmoja ukashuka, na ukingo wa mkato huo ndio ule ukuta wa mawe ulio kaskazini-magharibi mwa Ziwa Eyasi, upande wetu. Bila ufa hakuna bonde, bila bonde hakuna mashapo, bila mashapo hakuna wa kuja kutuhubiria gesi. Anayekupa habari ya gesi bila habari ya ufa amekupa nusu ya habari.

Na ufa haukuishia kuchimba bonde. Gesi haikai pangoni kama maji mtungini. Imejibana katika vitundu vidogo vya mwamba, na hupanda mpaka ikutane na tabaka lisilopenyeka. Ufa unaweza kulisogeza tabaka la mfinyanzi likakabiliana na mchanga wenye gesi, gesi ikazuiliwa hapo. Mahali pengine ufa ndio mlango wa kutorokea. Rukwa wanalijua hili. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza hazina ya heliamu huko, na mwaka 2024 kisima cha Itumbula West-1 kikaikuta katika mwamba wa chini uliovunjikavunjika. Kampuni hiyohiyo ilichukua pia leseni za Eyasi. Wote walio katika biashara hii husoma ramani ya nyufa kwanza. Mbona haijabandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji vya Meatu?

Nyufa zetu hazijalala. Rukwa ilitikiswa mwaka 1910 na tetemeko lililozidi kipimo cha 7. Mbulu, ng'ambo ya Eyasi, ilitikiswa Mei 1964. Gelai ilitetemeka kwa wiki kadhaa mwaka 2007 kabla Oldoinyo Lengai haijalipuka. Tarehe 10 Septemba 2016 ikawa zamu ya Kagera: kipimo cha 5.9, watu 17 wakafa, shule za Ihungo na Nyakato zikabomoka. Hayo yote ni ya asili; hakuna kisima cha gesi kilichoyasababisha. Swali langu ni nini kinatokea binadamu anapokwenda kuugusa ufa ambao tayari umebeba mzigo.

Gesi iliyo mwambani husaidia kuubeba uzito wa ardhi iliyo juu yake. Ukiivuna, mgandamizo unashuka, mwamba unabonyea, na haubonyei sawasawa pande zote mbili za ufa. Hapo ufa huteleza. Ukifanya kinyume, ukasukumia gesi au maji machafu chini, unapunguza msuguano unaozishikilia kingo za ufa zisisogee. Hispania iliona hivyo mwaka 2013: mradi wa Castor ulipoanza kuhifadhi gesi chini ya bahari, mitetemo ilifuatana kwa mamia, mmoja ukazidi kipimo cha 4, na serikali ikasimamisha kazi.

Wapo watakaosema mitetemo ya gesi ni midogo. Kwa kawaida ni midogo, kweli. Sasa waende Groningen, Uholanzi. Tetemeko kubwa kuliko yote huko, la Huizinge la Agosti 2012, lilikuwa la kipimo cha 3.6 tu. Lakini lilianzia kilomita tatu chini, karibu kabisa na miguu ya watu, na madai ya nyumba kuharibika yakazidi laki moja. Oktoba 2023 uvunaji ulisimamishwa katika hazina iliyoitajirisha nchi hiyo tangu miaka ya 1960. Zile zilikuwa nyumba za matofali za nchi tajiri. Za kwetu vijijini nyingi ni za tofali bichi na tope, na mtoto analala chini ya ukuta huohuo.

Kinachonikera zaidi ni habari ya ushahidi. Mwaka 1986 mwanajiografia Meent van der Sluis alisema mitetemo ya kaskazini mwa Uholanzi inatokana na gesi. Alidhihakiwa. Mpaka 1993 ndipo uhusiano huo ulipokubaliwa rasmi. Ikiwa nchi isiyo na Bonde la Ufa ilibishana hivyo, Meatu itabishanaje? Mkulima ataonyesha mpasuko ukutani, naye mwenye kisima atajibu kwamba nyumba ilikuwa mbovu na ardhi ya Eyasi imetetemeka tangu enzi za mababu. Jibu hilo litashinda kila mara kama hakuna aliyepima bonde lilivyotetemeka kabla ya kisima. Kipimo cha kabla hakiwezi kuchukuliwa baadaye.

Kwa hiyo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ipewe fedha za kusimika vituo vya kudumu vya kupima mitetemo kandokando ya ukuta wa Eyasi, miaka kadhaa kabla ya uvunaji wowote, na PURA, mdhibiti wa utafutaji na uvunaji wa mafuta na gesi, isiruhusu kuvuna pasipo takwimu hizo. Mitetemo ikifika kiwango kilichokubaliwa mapema, pampu zizimwe bila kusubiri simu ya kiongozi. Na mwishoni mwa 2016 Waholanzi waliweka sheria kwamba nyumba ikipasuka katika eneo la Groningen, itachukuliwa kuwa gesi ndiyo iliyoipasua mpaka mchimbaji athibitishe vinginevyo. Kifungu hicho kiandikwe katika mkataba wowote wa Eyasi-Wembere kabla haujatiwa sahihi, na takwimu za vituo zisomwe Mwanhuzi, makao makuu ya Meatu, kila mwezi, kwa Kiswahili na Kisukuma, badala ya kufungiwa Dodoma.